Nimeacha Sukari, Gerezani Ishuhudie

Jumatatu, 6 Oktoba
Taifa na lijulishwe: leo saa mbili kasoro robo asubuhi, mimi Mbaruku, miaka hamsini na mbili, muuza vipuri wa mtaa wa Gerezani, nimekunywa chai bila sukari. Kikombe kizima! Daktari amesema vidonge vimeshindwa; Ijumaa ananipima, na sukari ikiwa bado juu, naanza sindano. Kila siku. Tumboni! Tangu aseme, hata sindano ya cherehani ikinitazama natoka chumbani.

Nisije nikarudi nyuma, nimetangaza kijiweni kwenye kahawa: atakayeniona na kashata apige kelele. Jirani yangu Kanubhai, muuza boliti na mgonjwa mwenzangu, akasema mimi na kashata ni pete na kidole. Nimemchukia, lakini kwa upole.

Jumanne, 7 Oktoba
Kosa kubwa lile tangazo. Nimegusa sahani ya kashata, kuisogeza tu jamani, fundi wa kuchomelea akapaza: "Mbaruku huyoooo!" Gereji nzima ikaitikia. Abiria wa mwendokasi wakageuza shingo.

Kanubhai kapita na raba mpya. Eti kila alfajiri anatembea mpaka Kivukoni na kurudi. Kaniangalia kama mtu aliyekuja kutoa pole.

Alhamisi, 9 Oktoba
Akili! Feri, kule soko la samaki, hakuna anijuaye. Nikaaga naenda kumwona mteja. Nikajibanza nyuma ya wakaanga samaki, glasi ya juisi ya miwa mkononi. Ya pili, tuseme kweli.

"Baba Nasreen! Si umeacha, wewe?"

Nikaficha glasi mgongoni. Bi Waridi, somo wa mke wangu, ndiye aliyemfunda kabla hatujaoana. Nilisahau kwamba siku hizi anakaanga samaki pale. Nikamsihi. Akaapa hatasema.

Nafika nyumbani, mke wangu Swaumu anajua mpaka idadi ya glasi. Hakugomba. Alisema tu baba yake naye alianza hivi hivi, wakaishia kumkata mguu. Kisha akaenda kuanua nguo. Bora angegomba.

Nimeamua: sili kitu mpaka kipimo. Damu haitakuwa na la kusema.

Ijumaa, 10 Oktoba
Humu hasomi mtu, basi niseme yaliyotokea. Nilikaa saa ishirini kwa maji matupu. Muuguzi alipokuja kunitoa damu nilifumba macho, nikakamata mkono wa Kanubhai, aliyekuja kupimwa pia, kwa nguvu. Hakunicheka. Akaninong'oneza kuwa na yeye mwanzo alilia.

Kumbe kipimo chenyewe hakiulizi umekula nini jana. Kinauliza miezi mitatu. Miezi mitatu! Kashata zote zimo. Sukari ya Kanubhai imeshuka. Yangu imepanda.

Jioni Swaumu kanichoma sindano ya kwanza. Nilipiga ukelele kabla haijanigusa. Ikaingia, ikatoka. Haiumi.

Haiumi kabisa! Sasa nawaza: kama haiumi, na kazi yake ni kushusha sukari, kashata mbili kwa sindano moja kuna ubaya gani? Kesho natafuta kijiwe upande wa Kariakoo, wasikonijua.