Mkoba Unaokula Mayai

Jamaa aliyeitwa Taarifa alifika kijiweni hata uso hajanawa, simu mkononi, na kabla makalio hayajagusa benchi alikuwa keshaanza.

"Jamani! Bosi mmoja kakutwa na chui chumbani!"

"Chui wa kuchora?" aliuliza Dokta.

"Wa kung'ata! Kamlea tangu mdogo. Ana kitanda chake, ana mpishi wake. Na aliyemchoma kwa serikali ni mkewe."

"Mke? Kisa?"

"Chui kapewa chumba chenye kiyoyozi, mke kahamishiwa kwenye feni."

Benchi zima likaangua kicheko. Benchi lenyewe lilikuwa moja tu, refu, limeegemea ukuta wa karakana ya Mkasi, fundi cherehani, ambaye hakuwa na haja ya kutoka nje ili ashiriki soga. Mlango ulikuwa wazi, naye alishona huku anabishana. Upande wa pili wa mlango mkewe, Mama Birika, aliuza kahawa na mayai ya kuchemsha. Taarifa alikuwa kinyozi, na kuna wateja waliorudi nyumbani na ndevu upande mmoja kwa sababu habari mpya iliingia katikati ya kunyoa. Dokta aliuza dawa dukani kwa mtu na udaktari alijipa mwenyewe. Wa mwisho ni Afande, mlinzi wa ghala la ng'ambo ya barabara, ambaye filimbi yake ilikuwa haijawahi kumkamata hata paka.

Mkasi naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, ila sindano ya cherehani ilikatika.

"Kufuga chui ni ugonjwa," Dokta alitangaza. "Na dawa yake ipo. Mara mbili kwa siku, baada ya chakula."

"Chakula cha mgonjwa au cha chui?"

"Kikiwa cha chui, mgonjwa hahitaji dawa tena."

"Mimi," alisema Afande, "niliwahi kumkamata fisi amevaa koti."

"Afande, yule alikuwa shemeji yako."

"Ndiyo maana nilimwachia!"

"Subirini, haijaisha," alisema Taarifa, kidole kikiteleza kwenye simu. "Serikali inasema, yeyote anayefuga mnyama wa porini nyumbani amrudishe kwa hiari, hataulizwa kitu. Atakayeficha, jela. Hakuna cha faini wala nini. Jela!"

Hapo mguu wa Mkasi ukaacha kukanyaga cherehani. Chini ya meza yake ya kukatia, nyuma ya marobota ya vitambaa, kulikuwa na beseni lililofunikwa kwa chekeche, na juu ya chekeche pasi ya mkaa. Ndani ya beseni alilala Malkia. Na Malkia alikuwa mamba. Ndivyo alivyoapa mchuuzi aliyemleta ndani ya gunia: mamba halisi wa mtoni, mtoto wa ukoo.

Tusimwonee. Mkasi hakununua mnyama, alinunua mkoba. Siku moja Mama Birika alisimama mbele ya kioo cha duka moja la wenye nazo, pale ulipoanikwa mkoba wa ngozi ya mamba, akakaza macho mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi zake. Mkasi, kwa mdomo ule ule unaowaponza waume wote duniani, akasema, "Nitakununulia, mama watoto." Alipoiona bei nusura akae chini. Basi alipotokea mchuuzi na gunia lake, fundi akapiga hesabu za kifundi: uzi ninao, cherehani ninayo, kilichobaki ni kusubiri kitambaa kikue. Kosa lake lilikuwa kumlisha kwa mkono wake mwenyewe. Kidogo kidogo akampa jina, na akishakupa jina, mkasi wa Mkasi hauna ubavu wa kukugusa.

Sasa jela ilikuwa imekaa mlangoni, na mkewe tangu alfajiri alikuwa hamsemeshi, anammiminia kahawa bila kumtazama usoni. Mkasi alikohoa.

"Hivi... nina rafiki yangu mmoja."

Benchi likageuka lote kwa pamoja.

"Huyo rafiki namjua," alisema Dokta. "Kila mtu humleta dukani kwangu. Juzi alikuwa na fangasi."

"Sikiliza kwanza, bwana wee! Tuseme huyo rafiki ana mamba. Mdogo. Mpole."

Filimbi ya Afande ikaingia mdomoni yenyewe. "Mamba! Anakaa wapi mtu huyo?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali tu... ukiwa umechoka."

Birika likatua kwenye jiko kwa kishindo. Mama Birika alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Na huyo rafiki yako," aliuliza polepole, "mamba wake anamlisha nini?"

"Ma... maji."

"Maji yenye ganda na kiini cha njano?"

Taarifa akainua simu, akaanza kurekodi.

"Baba watoto, nimevumilia vya kutosha. Mayai yangu yanapungua, nikasema panya. Leo alfajiri nimepita hapa dirishani, umeinama chini ya meza, nikakusikia kwa masikio yangu haya mawili: 'Kula taratibu, Malkia wangu, Mama Birika hajui kitu.' Sasa Mama Birika anauliza. Malkia ni nani?"

"Toba!" Dokta alinong'ona. "Mke mdogo, chini ya meza!"

"Hii inamshinda chui kwa mbali," alisema Taarifa.

Mkasi akatazama kulia, akaiona jela. Akatazama kushoto, akaiona talaka. Alimpenda yule mwanamke kwa moyo wake wote na hakutaka alale hata usiku mmoja akidhani vingine. Akachagua jela. Akapiga magoti, akaondoa pasi, akavuta beseni.

"Malkia ndiye huyu."

Malkia hakungoja kutambulishwa. Alitoka kama mshale, akapita katikati ya miguu ya Mkasi mpaka nje. Benchi la kukaliwa likawa benchi la kusimamiwa. Dokta alipiga kelele, "Msitikisike! Mamba hamwoni asiyetikisika!" huku mwenyewe akimpanda Taarifa mabegani. Afande alifumba macho, akainua simu yake, akaanza kuifokea: "Mamba! Mamba mkubwa! Leteni kikosi!"

Malkia akaiendea trei ya mayai, akameza moja na ganda lake, akatoa ulimi mrefu, akajipangusa. Kisha akaparamia ukuta, akafika kwenye bati, akajilaza juani.

Benchi zima likainua shingo.

"Baba watoto," alisema Mama Birika.

"Naam, mama watoto."

"Mamba anapanda ukuta?"

"Huyu... ana bidii."

"Na ulimi wa mamba una panda mbili?"

Dokta alishuka mabegani taratibu, akarekebisha kola. "Ndugu yangu, huyo ni kenge."

"Kenge mtupu," alisema Taarifa.

"Hata mimi nilijua," alisema Afande, macho bado kayafumba.

"Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo," Dokta aliendelea. "Sasa wewe umenunua msafara, mamba wenyewe hawamo!"

Walicheka mpaka benchi likalia. Mkasi hakucheka. Alikaa kizingitini, akaeleza yote: kioo cha duka, ahadi, gunia, ngozi iliyokuwa inangojwa ikue.

Mama Birika alimtazama. "Yaani yule pale juu ni mkoba?"

"Alikuwa mkoba. Kisha akanizoea."

Mdomo wa Mama Birika ulianza kutetemeka. Alijitahidi, akashindwa, akakaa chini kando ya mumewe akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Na mimi nilivyomchukia huyo Malkia! Nilimwombea atokwe na vipele mwili mzima!"

"Dua imepokelewa," alisema Dokta, akinyoosha kidole juu ya bati.

"Na ule mkoba, baba watoto, wala sikuutazama. Nilikuwa naweka mtandio vizuri. Kioo kilikuwa kisafi."

Mkasi alifunika uso kwa viganja. Alijiona mjinga, na alifurahi, vyote kwa wakati mmoja. Ndipo simu ya Taarifa ikalia.

"Nyamazeni! Habari za hivi punde! Mamba mkubwa, urefu wa basi, kavamia karakana ya fundi cherehani. Amemeza trei nzima ya mayai pamoja na muuzaji wake!"

"Mtaa gani huo?" Dokta aliuliza, sauti imekauka.

"Mkabala na ghala..."

"Ghala gani?"

"Wanasema lile lenye mlinzi hodari."

"Ni langu hilo!" alipiga yowe Afande, akawa wa kwanza kukimbia.

"Enyi watu!" Mkasi aliita. "Ni kenge! Si mmemwona? Na muuzaji huyu hapa, kanywa na kahawa!"

"Imeandikwa mamba!" alijibu Taarifa, kandambili zimebaki nyuma, mwenyewe keshafika kona. "Utabishana na simu?"

Dokta alirudi mbio kuchukua kikombe chake, akaondoka nacho. Benchi likabaki tupu.

Mkasi alichukua yai, akaligonga ukingoni mwa beseni, taratibu, kama kila alfajiri. Malkia akainua kichwa juu ya bati. Akashuka, akaingia beseni bila ugomvi, na Mkasi alipomfunika chekeche macho yalimwiva.

"Mama watoto, itabidi tumpeleke kwa watu wa wanyamapori."

"Leo hii." Mama Birika alizima jiko, akatia mayai mawili ndani ya beseni. "Ya njiani," alisema, kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza. Kisha akashika mkono mmoja wa beseni. "Shika huko, twende."

Walitembea hatua kadhaa, beseni likiyumba katikati yao.

"Kwa hiyo mkoba huutaki," alisema Mkasi.

"Nimesema sikuutazama. Sijasema siutaki."

"Nitakushonea wa kitambaa. Wenye zipu na mifuko miwili ya ndani."

"Nishonee," alisema Mama Birika. "Ila huo usiupe jina."