Mfuniko Wangu wa Kimataifa

Jumatatu, 3 Machi
Wakili kanipigia. Ijumaa ni mwisho wa kuombea mfuniko wangu hataza za nje, yaani hati za kuzuia watu wasiuige. Ni ule unaojiinua wenyewe maziwa yakitaka kufurika. Nikamwambia nataka nchi kumi na nne. Akauliza kama nimeona ada za nchi hizo. Sijaziona. Mtu mwenye kipaji hababaishwi na ada!

Jumanne, 4 Machi
Nimeziona. Nimezijumlisha upya mara tatu. Kila nchi ina ada yake, na nyingi zinataka kurasa thelathini za maombi yangu kwa lugha yao. Mfasiri hulipwa kwa neno. Kwa neno! Nami kurasa tatu nzima nimesimulia habari za mama mkwe na maziwa aliyoyaunguza.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, muuza vyombo, katia pua. Eti niombe nchi moja tu, ya yule mama mwenye kiwanda cha sufuria aliyeomba sampuli. Mke wangu kamuunga mkono, kama kawaida yao. Nimewaacha waongee. Nimepata nchi tisa zisizodai tafsiri, ada zake za kutupa. Ya mwenye kiwanda nimeipiga chini. Tafsiri yake peke yake inameza nchi tano.

Ijumaa, 7 Machi
Tumewasilisha. Wakili kaniuliza mara mbili kama nina uhakika, maana katika nchi mbili kati ya hizo watu hawachemshi maziwa kabisa. Nikamjibu wataanza. Jioni nimemwandikia mwenye kiwanda na kumwambatishia orodha yote ya nchi zangu, ajue anashughulika na mtu wa kimataifa.

Alhamisi, 13 Machi
Barua ya mwenye kiwanda! Atatengeneza mifuniko elfu hamsini. Nikaruka hadi nikagonga taa. Shemeji akaniomba nisome mpaka mwisho. Mama huyo anashukuru kwa orodha. Nchi yake haimo na muda wa kuomba umepita, kwa hiyo hana sababu ya kunilipa. Nimeumia sana. Shemeji hakucheka, na hilo ndilo limenikera zaidi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimetafakari siku mbili na kosa nimeliona. Nchi tisa zilikuwa chache. Sasa nabuni kijiko. Kitafanya kazi gani sijaamua, ila nchi kumi na saba za bei poa nimeshazipata.