Nta, Nyuki na Mikoba Sita

Jumatatu, 9 Machi

Mikoba sita imekamilika kushonwa! Nimeipanga kwenye meza ya marehemu baba na kuitazama mpaka chai yangu ikapoa. Mshono hauna kasoro. Nasema kweli, si majivuno. (Majivuno kidogo.)

Imebaki kuipaka kinga ya mvua tu. Mikoba ni ya wakunga wa zahanati, wanaotembea nyumba hadi nyumba mvua ikinyesha, na ndani watabeba vifaa vya kuzalishia. Mkunga Mkuu kaniambia wazi kwamba Jumatatu ijayo atakuja na jagi la maji amwagie kila mkoba. Tone moja likipenya, kazi yote itahamia ng'ambo ya barabara, kwa Bi Mng'aro.

Bi Mng'aro! Mtaa mzima unamwita hivyo kwa jinsi ngozi zake zinavyong'aa. Alijifunza kazi kwa baba yangu, kwenye meza hii hii, tukikaa bega kwa bega. Leo yeye ana duka la vioo, mimi nina chumba kimoja chenye dirisha lisilofungika.

Mama watoto naye kanipa lake. Kasema hii ndiyo karata yangu ya mwisho. Mikoba ikikataliwa nafunga karakana, na Jumanne saa mbili asubuhi naripoti dukani kwa shemeji, kaka yake, kupima misumari. Shemeji ameshaniandalia aproni. Ina jina lake kifuani.

Kanikumbusha pia kwamba baba alikuwa akipaka nta kidogo kidogo, matabaka manne, kila siku moja, kwa hiyo nikianza leo nitamaliza Alhamisi na siku zitabaki. Haraka haraka haina baraka, kaongeza. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Siku nne za kusugua ngozi! Lazima kuna njia ya mkato.

Jumanne, 10 Machi

Mpango wa kwanza. Nimemtuma mama mkwe kwa Bi Mng'aro akajifanye mteja, aichunguze siri ya nta yake. Kaondoka saa tatu. Saa sita kimya. Karudi saa tisa, ameshiba chai, na ameagiza mkoba. Wa kahawia, wenye kimfuko cha miwani.

Nikauliza, na siri je? Akasema hakuna siri, mkwe wangu. Anapaka kidogo, anasugua, anaimba puani, kesho yake anarudia.

Anaimba puani! Hiyo ni danganya toto. Siri ipo, na najua aliipata lini: siku ya mwisho ya baba. Yeye alikuwa kando ya kitanda. Mimi, mtoto wa kumzaa, nilikuwa mji wa pili nikiuza miavuli. Ilikuwa kiangazi. Nilisema miavuli ikiwa rahisi ndipo pa kuinunua, wala sikuuliza kwa nini ni rahisi. Niliporudi, baba alikuwa ameshafunikwa shuka. Inaniuma mpaka leo. Miavuli kumi na tisa bado iko darini.

Jumatano, 11 Machi

Akili ni nywele, na zangu zimejaa!

Muuza asali ana nta safi, vipande vidogo vidogo, na ana masega mabichi debe zima. Nimechukua debe. Akanionya kwamba masega lazima yachemshwe na kuchujwa kwa kitambaa mara mbili, maana yamebeba asali. Nikamwambia mimi ni fundi, mtoto wa fundi. Kuchuja ni kupunguza. Nani anapunguza mali yake mwenyewe?

Nimeyayeyusha yote kwenye sufuria kubwa ya mama watoto. (Yuko kazini, hajui.) Nikatia mafuta, nikapaka. Si matabaka manne membamba. Moja! Nene, kama siagi juu ya mkate. Saa moja tu, kazi imekwisha, na mikoba nimeianika kwenye kamba mbele ya nyumba ishike vizuri.

Inang'aa kuliko kitu chochote cha ng'ambo ya barabara. Bi Mng'aro alikuwa akifagia mlangoni pake. Akasimama, akaitazama kwa muda mrefu, kichwa upande. Wivu huo. Nikampungia mkono.

Alhamisi, 12 Machi

Nyuki.

Walianza wawili, saa tatu. Nikasema hao ni wapita njia. Saa nne mikoba yenyewe haikuonekana. Nikatoka na ufagio. Kosa! Nimeumwa sikio, mdomo wa chini, na mahali panaponilazimu kuandika haya nimesimama. Mama mkwe alijifungia chooni akawa ananipa maelekezo kupitia tundu la dirisha. Kulia! Kushoto! Inama! Yote nimeyafuata, na kila nilipoinama niliumwa.

Walipotawanyika tukaona hasara. Ngozi inanata kila mahali. Imeshika manyoya ya kuku, majani, ukurasa mzima wa gazeti na soksi ya mwanangu. Mama watoto karudi, akatazama mikoba, akatazama sufuria yake, akanitazama mimi. Hakufoka. Laiti angefoka! Alisema tu: Jumanne, saa mbili. Akaingia ndani, na kupitia ukutani nikamsikia analia. Hapo nikaona aibu ya kweli. Nikaipima meza ya baba kwa mikono. Haiwezi kuenea dukani kwa shemeji.

Saa kumi hodi mlangoni. Bi Mng'aro, kitambaa begani, bakuli la maji ya uvuguvugu mkononi. Mama mkwe kamwita! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kumfukuza, lakini kwa mdomo uliovimba nilitoa mlio tu. Akauchukulia kuwa ni karibu.

Kasema asali hutoka kwa maji ya uvuguvugu, nta iliyozidi hukwanguliwa kwa kijiko cha mbao, na siku bado zinatosha. Iliyokwisha kunywewa na ngozi tuihesabu tabaka la kwanza. Tumekwangua mpaka jua likazama. Alipokuwa akiaga alipitisha kidole kwenye mshono wangu, akasema mshono huu yeye hajaufikia, na baba alikuwa akilisema hilo kila siku. Kwangu baba hakuwahi kulisema.

Jumapili, 15 Machi

Tabaka la nne leo. Nta ni ya Bi Mng'aro, imechujwa. Anachota kiasi cha punje ya haragwe kwenye kitambaa. Haragwe moja! Mimi nilitumia debe.

Akawa anasugua, anaimba puani. Siku zote hizi sikio langu lilikuwa limevimba. Leo nimesikia. Ni wimbo wa baba! Ule usio na maneno, wa beti nne, aliouimba akisugua ngozi nami niko chini ya meza naokota vipande. Machozi yakanitoka. Nikasema ni sumu ya nyuki. Akasema sumu ya Alhamisi haiwezi kufika Jumapili.

Basi nikamuuliza, uso kwa uso, baada ya miaka yote hii: baba alimwachia siri gani siku ile? Akasema hakuna siri. Wimbo ulikuwa saa ya Mzee. Upande mmoja wa mkoba, wimbo mzima, polepole. Ukiisha ndipo unageuza. Na siku ile hata hakuzungumzia ngozi. Alikuwa akimuuliza kama miavuli ya mwanawe inauzika, na yeye akamdanganya kwamba inauzika sana. Mzee alicheka kwa furaha.

Nikachukua kitambaa nikasugua mkoba wa mwisho.

Jumatatu, 16 Machi

Mkunga Mkuu kaja na jagi. Kaumwagia mkoba wa kwanza, maji yakateleza yakaenda zake. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Mama watoto alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Wa sita! Kaingiza mkono ndani. Pakavu! Mama mkwe akapiga vigelegele, nami nikamkumbatia shemeji, aliyekuwa kaja na aproni yake, kwa bahati mbaya.

Kisha Mkunga Mkuu akauinamia mkoba wa sita. Kando ya kifungo, chini ya nta, kulikuwa na nyuki mmoja mzima mzima. Akauliza kama hiyo ndiyo alama ya karakana. Nikasema ndiyo, tangu enzi za baba. Mama watoto akakohoa. Mkunga Mkuu kaipenda. Wameagiza mikoba mingine ishirini!

Jumanne, 17 Machi

Saa mbili asubuhi ilinikuta mezani kwa baba. Aproni ya shemeji nimeikata vitambaa vya kusugulia. Jina lake limefaa sana.

Nimejifunza. Nimeandika ukutani kwa chaki: SUBIRA. KUCHUJA. KIDOGO KIDOGO. Mama watoto kayasoma, akanibusu kwenye sikio lililopona.

Lakini nimekaa nikafikiri. Mikoba ishirini, pande mbili, matabaka manne. Nyimbo mia moja na sitini! Baba hakuwahi kupata oda kama hii, ndiyo maana aliimba polepole. Halafu kuna suala la alama. Mkunga Mkuu atataka nyuki kwenye kila mkoba, na nyuki ishirini hawaji bure. Nimeshamwagiza muuza asali madebe mawili ya masega. Asichuje.

Adhuhuri mama watoto alinikuta naimba puani wimbo wa baba, nikaona macho yake yamelowa. Akasema Mzee angefurahi kunisikia. Kweli angefurahi. Sikumwambia kwamba nilikuwa najipima kasi: beti zote nne sasa zinaniishia kabla chai haijapoa.