Vipepeo wa Kageha

Jumatatu, 12 Mei
Msiba! Kageha anahama. Kageha wa ghorofa ya tatu, karani wa reli, mwanamke pekee mtaa mzima wa Huruma anayeniletea sketi ya kupunguzwa ikiwa imeshapigwa pasi. Tarehe thelathini na moja anaenda mtaa wa Fedha. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kuna nini huko. Akasema hapa akifungua dirisha anaona ukuta na suruali za watu. Kwao Vihiga, mvua ikikatika, vipepeo weupe walijaa njiani mpaka mama yake akawa anawapisha. Tangu mama azikwe hajawaona tena. Nikamwambia hapa nyuma ya ploti yetu ya kupanga wako tele. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sijawahi kufika nyuma ya ploti.

Jumanne, 13 Mei
Nimefika. Kuna bomba linavuja, na maji hayo yamefanya kazi ya ajabu. Magugu hadi kiunoni! Kishona-nguo kimechanua, na pembeni yake mmea nisioujua, maua yake ya rangi ya waridi iliyofifia, yenye vijiti virefu kama pini kwenye kimto changu cha ushonaji. Vipepeo weupe watatu. Nikakaa juu ya tofali nikawatazama hadi mteja wangu akaenda kwa fundi mwingine. Mmoja alikuwa akitaga, jani hadi jani, kwenye mmea ule wa pini tu. Kwenye kishona-nguo alinywa utamu wa maua, lakini yai hata moja hakukiachia. Mpango ukaja wenyewe: hapa nitalea vipepeo mia, na Kageha hatahama.

Alhamisi, 22 Mei
Viwavi! Na kuku wa Wahome wamekula nusu yao. Wahome ndiye keateka wetu, mtunza jengo. Sisi wengine hutuambia mgongo unamuuma, lakini maji ya Kageha huyabeba hadi ghorofa ya tatu. Nimefunika mimea iliyobaki kwa chandarua changu. Mimi sasa naliwa na mbu. Wahome akataka kujua nimeficha nini. Nikasema ni utafiti. Akasema utafiti au la, yeye atafyeka. Tumeelewana: namshonea suruali bure, naye hafyeki. Ameomba na mifuko miwili ya nyuma. Hana haya.

Jumamosi, 24 Mei
Wazo limenijia nikiwa nakata kola. Kwa nini Kageha asubiri? Nikachagua matawi kumi, yenye viwavi wanene kabisa, nikayafunga kwa utepe wa satini. Nikayaacha mlangoni pake na karatasi: ni kidogo, lakini kimetoka moyoni, Mbuthia. Sikueleza zaidi. Mwanamke mwenye akili hahitaji kuelezwa.

Jumapili, 25 Mei
Nimealikwa chakula! Ugali, na mboga ya majani iliyopikwa kwa maziwa, chungu kidogo. Utepe wangu ameuvaa kichwani. Nikauliza yale matawi ameyaweka wapi. Akaonyesha sahani yangu.

Kumbe mmea wangu wa pini ni saga, mgagani! Mboga yao! Mimi mboga naijua ikiwa imeshakatwakatwa. Akasema ilikuwa na wadudu kweli, lakini aliiosha mara tatu. Halafu akaacha kula, akafuta macho. Akasema ladha ni ile ile ya mama yake, na tangu aje Nairobi hakuna mtu aliyewahi kumfikiria hivyo. Niliomba niongezewe. Akauliza kama nitapata nyingine. Nikasema iko tele.

Ijumaa, 30 Mei
Nimempelekea kila siku. Kila jioni ugali, kila jioni ananisimulia ya kwao, na mimi natazama mikono yake na kusahau kutafuna. Nyuma ya ploti yamebaki mashina na chandarua; kishona-nguo nacho nimekikanyaga chote nikichuma. Habari ya kuhama hajaitaja wiki nzima. Naamini amesahau.

Jumamosi, 31 Mei
Hajasahau. Gari lilikuja saa tatu. Tulikuwa tumeshusha godoro alipoinua macho.

Vipepeo! Mamia, weupe, kutoka upande wa Mathare, wote wakielekea njia moja, juu ya kamba za nguo, polepole, bila sauti yoyote. Ilikuwa kama ploti nzima inaelea. Baadhi yao wakashuka nyuma ya ploti, na Kageha akakimbia kuwatazama. Wakazunguka mashina yangu. Wakazunguka tena. Hawakupata jani wala ua, wakapanda, wakaenda zao.

Kageha akasema taratibu, "Hawa wangekaa hapa hata kidogo, Mbuthia, ningerudisha hizi vitu juu."

Sikumwambia majani yalikwenda wapi. Nilitaka kulia. Nikabeba jiko.

Jumapili, 1 Juni
Nimetoka Fedha kumfungia mapazia. Chini ya dirisha lake jipya, kando ya ukuta, kuna saga mstari mzima, yote maua, na vipepeo weupe wametua juu yake hata majani hayaonekani. Kageha alisimama dirishani muda mrefu. Sijawahi kumwona na furaha kiasi kile, na mimi nilimtazama yeye hadi nikajichoma sindano.

Njiani nimefikiri sana, na kosa langu la Huruma nimelijua. Nilichuma kidogo kidogo. Kesho nitafika Fedha kabla hajaamka, nitachuma yote, na nitamwachia mlangoni.