Baraza la Sayyid Ghalib

Jumamosi, 28 Machi 1998

Sayyid anakuja! Simu imepigwa ofisi ya mizigo Sanyuanli, mtaa wetu wa biashara mjini Guangzhou, nikaitwa kuipokea mbele ya watu wote. Sauti yake kutoka Unguja ilikuwa kama ya mtu aliyemo kisimani, lakini maneno nimeyasikia vizuri. Atafika Jumamosi ijayo. Atakula Idi ya kuchinja pamoja nasi, na siku ya pili ya ziara atamteua wakili wa kudumu wa shamba lake. Wa kudumu!

Naandika haya kwa faida ya wajukuu watakaokuja kuyasoma. Mimi, Burhani wa Kikwajuni, ni Kaimu Msimamizi wa milki yote ya Sayyid Ghalib katika nchi ya Uchina. Milki ni shamba la laichi, yaani shokishoki zisizo na nywele, juu ya kisiwa cha mtoni, ng'ambo ya Guangzhou kwa kivuko. Lina nyumba ya matofali, banda na mbuzi. Mbuzi tunawauzia Waislamu wa mjini wanaotaka nyama ya bismillahi. Sayyid amelikodi kwa Bwana Liang, mwanakijiji wa hapa. Sayyid anasema mtu wa ukoo wake hawezi kujulikana Uchina kwa chumba cha Sanyuanli chenye soksi za wenzake dirishani. Yeye mwenyewe hajawahi kuliona. Kwa hiyo macho yake ni mimi.

Niliteuliwa baada ya biashara yangu ya mablanketi ya umeme kwenda mrama. Nilipeleka kontena zima Unguja. Kosa lilikuwa la hali ya hewa.

Adui ninaye mmoja. Sufian, mpwa wa Sayyid, kijana wa mizigo Sanyuanli, anayevaa miwani ya jua hata ndani ya lifti. Anautaka uwakili. Hajui mbuzi ana meno ya wapi.

Kuna jambo dogo tu. Katika simu Sayyid aliuliza kama shamba lina baraza. Nikasema lipo. Akauliza, zuri? Nikasema la mawe, linatazama maji, hata Unguja hakuna mfano wake. Nikamsikia akishusha pumzi kwa furaha. Akasema uteuzi utafanyika hapo hapo barazani, kama alivyofanya babu yake.

Baraza hakuna.

Jumapili, 29 Machi

Mungu hamtupi mja wake!

Beberu mkubwa alikata kamba akaingia kichakani mlimani, nyuma ya milaichi. Nikamfuata kwa panga na matusi. Nikamkuta amesimama juu ya baraza.

Ndiyo. Baraza! La mawe matupu, limejengwa nusu duara, mikono yake miwili imekuja mbele kama inakumbatia. Sakafu ya mawe. Mlima mgongoni, mto mbele, upepo unapuliza moja kwa moja. Katikati wamesimamisha jiwe la kuegemea mgongo, limechorwa maandishi ya Kichina kutoka juu mpaka chini. Bila shaka jina la fundi. Nilikaa. Nikaegemea. Nikajiona mtu.

Limeachwa muda mrefu, miti imeota mpaka kwenye viungo vya mawe. Wachina wana mali na hawajui kuitumia. Penye miti hapana wajenzi, na hapa ilikuwa penye baraza hapana wakaaji.

Jumanne, 31 Machi

Nimefyeka. Nimesugua. Leo nimepaka chokaa, nyeupe pee, unaliona kutoka kwenye kivuko.

Wanakijiji wanapita njia ya chini, wanasimama, wanatazama. Bibi mmoja mwenye vikapu viwili begani alipoona nimekaa aliweka mzigo chini, akafumbata mikono kifuani, akainama. Nikasimama nami nikainama. Nikamwashiria akae. Alikataa kwa kichwa na mikono yote miwili, akaondoka mbio. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kukaa. Watu hawa wanajua heshima ya cheo.

Dada Bibiana hajui. Huyu ni Mtanzania mwenzetu wa Bukoba, ananunua nguo soko la Shahe kwa jumla na amepanga chumba hapa shambani. Kichina chake ni cha kugombania bei, lakini kinamfikisha. Alipanda kuangalia, akatazama lile jiwe, akakataa kukaa. Akasema, kaka Burhani, mbona hili jiwe limesimama kama yale ya makaburini kwetu. Nikamjibu kwa upole kwamba baraza ni kitu cha pwani, mtu wa bara hawezi kulijua kwa kulitazama. Asiyejua maana haambiwi maana. Akasema sawa, yeye kahawa yake atanywea jikoni.

Chokaa haijakauka. Msimu huu hapa hata kuta zinatoka jasho.

Alhamisi, 2 Aprili

Uzinduzi!

Nimealika wafanyabiashara wa Sanyuanli baada ya alasiri. Kahawa ya tangawizi, haluwa niliyoitunza tangu Ramadhani, machungwa, mikeka. Mbele ya jiwe niliweka chetezo na udi mwingi, kama inavyopasa baraza la watu wa watu. Moshi ulipanda mpaka kileleni. Nilitoa hotuba. Wengine walikuja kwa ajili ya haluwa, lakini walikuja.

Sufian naye alikuja, bila kualikwa. Alikaa mahali pa katikati, pa Sayyid! Alipiga picha. Aliuliza nimelijenga lini. Nikasema msimamizi hodari hasemi siri za kazi. Aliondoka na duara mbili nyeupe nyuma ya suruali nyeusi. Sikumwambia.

Wageni walipokwisha kuondoka, vikombe na machungwa yakiwa bado yamepangwa mbele ya jiwe na udi ukifuka, akatokea Bwana Liang mwenyewe. Akasimama. Akalitazama baraza. Akanishika mikono yote miwili, akaanza kusema, anaonyesha jiwe, anaonyesha mbingu, anajipiga kifua. Machozi yakamtoka!

Mimi si mtoto. Ameona shamba limependeza, anataka kuongeza kodi. Nikamwambia kile Kichina cha sokoni: tai gui, ghali mno. Akaendelea. Nikamwambia meiyou, hakuna. Akafuta macho, akainama mara nyingi, akaenda zake. Nimemshinda. Sayyid ataambiwa.

Jumamosi, 4 Aprili

Sayyid yuko shambani! Joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu, kilemba, fimbo ya mpingo. Kwenye kivuko Wachina wote waligeuka, na mimi nilisimama upande wake ili nami nigeukiwe.

Fitina ilianza uwanja wa ndege. Sufian alifika kabla yangu na gari la kukodi. Njiani, mbele yangu, akamwonyesha mjomba wake picha za baraza na kumwambia kwamba wazo lilikuwa lake, na mafundi aliwaleta yeye.  Nilitaka kusema, lakini Sayyid alikuwa amefumba macho na kusema mashaallah.

Magharibi ilipokaribia tukapanda. Maua ya milaichi yananukia, nyuki wanavuma, mto chini unang'aa. Sayyid alisimama mbele ya baraza. Kisha akakaa katikati, akaegemeza mgongo kwenye jiwe, akafumba macho. Akasema barazani kwa babu yake mtu alikuwa akiumwa kiuno, lakini huyu aliyejenga hapa alijua kumpumzisha mtu. Akasema angeweza kulala hapa milele.

Nilienda nyuma ya banda la mbuzi nikalia kwa furaha. Sioni haya kuandika.

Kesho asubuhi, uteuzi.

Jumapili, 5 Aprili

 Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi tulikaa barazani. Sayyid katikati, Sufian kulia, mimi kushoto na kanzu mpya. Bibiana alileta vitumbua, akaviweka pembeni, akasimama mbali chini ya mti. Sayyid akasafisha koo. Akasema amefikiri, na kwamba mtu aliyelitengeneza baraza hili ndiye anayestahili.

Hapo fataki zikalipuka chini ya mlima.

Mbuzi wote walikimbia. Kwenye njia ukatokea ukoo mzima wa Kichina, wazee, akina mama, watoto mabegani, majembe, maua, marundo ya noti za bandia za kuchoma moto, na mbele kabisa Bwana Liang katika suti. Wakapanda mpaka mbele yetu. Wakatuona. Wakanong'onezana. Kisha Bwana Liang akatabasamu, akapiga magoti, na wote nyuma yake wakapiga magoti, vichwa chini, wakimwelekea Sayyid.

Sayyid hakushangaa hata kidogo. Aliinua mkono wa kulia akawapokea. Akaniinamia sikioni akasema, Burhani, hawa wamefunzwa vizuri. Sijawahi kujivuna kama dakika ile, na sidhani kama nitawahi.

Ndipo vijana wawili wakaleta sinia, wakaliweka magotini pa Sayyid. Nguruwe. Mzima, wa kuchoma, mwekundu, anang'aa, macho yake yanamtazama Sayyid.

Sayyid akapiga ukelele ambao sikujua watu wa ukoo wake wanao. Bibiana akaja mbio, akaulizana na Bwana Liang, kisha akatueleza polepole, bila kucheka, namshukuru kwa hilo. Leo ni siku ya Wachina kuzuru makaburi. Humu chini amelala babu wa mababu wa Bwana Liang, mkubwa wa serikali wakati wa wafalme, karibu miaka mia mbili iliyopita. Jiwe la kuegemea lina jina lake. Tumemkalia.

Sayyid aliruka kwa wepesi nisioutarajia kwa umri wake. Istighfari kwa sauti. Mtume amekataza kukaa juu ya kaburi, alisema, nami nimelala! Nimekula vitumbua! Nyuma ya joho lake la dhahabu chokaa imekaa kama ramani. Akageuka na fimbo akauliza ni nani, nani, aliyelitengeneza baraza hili.

 Sufian, aliyekuwa fundi jana, leo anatazama viatu. Sayyid akamnyooshea fimbo mpwa wake, akasema, si ulisema wewe?

Ilikuwa ninyamaze. Najua. Bibiana alinikanyaga mguu. Lakini jasho ni langu, chokaa ni yangu, nimekata miti kwa mikono hii, halafu Sufian aondoke na jina? Nikasimama mbele ya Sayyid, mbele ya ukoo wa Liang, mbele ya nguruwe, nikasema kwa sauti kwamba ni mimi, mimi peke yangu, tangu jiwe la kwanza, na asitokee mtu kusema amenisaidia!

Sufian akasema kweli, mjomba, ni yeye.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimeachishwa kazi. Wakili wa kudumu ni Sufian. Sayyid amehamia hoteli mjini mpaka Idi ipite, hataki kuuona mlima.

Nimeumia. Naandika hivyo hivyo, nimeumia sana. Nilimtazama Sufian akimtafuta beberu kwa miwani ya jua, beberu akampiga pembe, na hata hilo halikunifariji inavyotakiwa.

Jioni Bwana Liang alikuja na Bibiana wa kutafsiri. Nilidhani kaniletea polisi. Kumbe Alhamisi ile hakuwa akitaka kodi. Watoto wa ukoo wametawanyika, wengine Hong Kong, wengine huko duniani, na kwa miaka kaburi lilimezwa na kichaka. Akakuta mgeni amelifyeka, amelipaka, amewasha udi, amepanga vikombe na matunda kama inavyompasa mjukuu mwema. Wema huo hakuuona hata kwa mwanawe. Akaniuliza kwa nini nilisema ghali mno. Bibiana akamjibu kitu, wakacheka wote wawili, sikutaka kujua.

Anataka nilitunze. Ukoo utanipa kibanda chini ya mlima, na mboga, na mshahara wangu. Nikasema mimi ni Mwislamu, nitafyeka na kupaka chokaa, udi na nguruwe wafanye wenyewe. Akakubali.

Bibiana aliponiacha mlangoni akaniambia, kaka Burhani, umepona, sasa tulia.

Jumatano, 8 Aprili

Idi njema kwangu. Nimesali msikiti wa mjini, nikamwona Sayyid kwa mbali. Aligeuza uso. Joho jipya.

Nimetulia na kutafakari. Nani amepanda cheo hapa? Sufian anamsimamia bwana wa nyumba moja na mbuzi, bwana anayepiga simu na kuuliza. Mimi, Burhani wa Kikwajuni, ni Msimamizi wa Mheshimiwa Liang Mkubwa, mtu wa wafalme. Bwana wangu ametulia. Hapigi simu. Hatakuja kukagua. Na hana mpwa.

Lakini roho ya Sayyid inanitia huruma. Mtu mzima, ametoka Unguja, ameonjeshwa baraza siku moja kisha amenyang'anywa. Hataondoka mpaka Ijumaa.

Leo alasiri, nikitembelea mipaka ya kazi yangu mpya, nilizunguka upande wa pili wa mlima. Lipo jingine! Kubwa zaidi, la mawe meupe, ngazi pana, upepo wa mto unafika hadi kwenye mbavu. Nimelikagua vizuri, kwa sababu mimi sasa ni mjuzi. Hili haliwezi kuwa kaburi. Limewekewa simba wawili wa mawe mlangoni, na maiti anaogopa mwizi gani? Hili ni baraza. Akilikalia mara moja tu, Sayyid atanirudishia uwakili, na Sufian atarudi kwenye maboksi yake.

Bibiana sikumwambia. Mambo ya pwani.

Chokaa iliyobaki inatosha. Naanza alfajiri.