Ombi la Kumwachisha Kazi Mjukuu Asiyeajiriwa

Kwa Mshauri wa Ajira,
Idara ya Usimamizi wa Mazingira,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mshauri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi ya kusoma, maana wahitimu wako, kwa kadiri nionavyo, wako majumbani kwa babu zao.

Mimi ni babu wa mmoja wao. Amemaliza shahada ya uzamili katika idara yako, na tangu hapo anatafuta kazi. Sina ugomvi na hilo. Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Ugomvi wangu ni kijitabu chako cha ushauri, ambacho mjukuu wangu hukisoma mezani kama mtu anayeapishwa. Kinasema: "Usingoje kuajiriwa ndipo uanze kazi. Anza hapo ulipo." Ndugu Mshauri, hapo alipo ni kwangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hata kijitabu hakijapoa mkononi, aliweka mapipa matatu uani: la maganda, la plastiki na la karatasi. Bibi yake, ambaye amekuwa akitupa taka kwa furaha tangu tuoane, sasa husimama mbele ya mapipa akiwa na kifuko cha chai mkononi na kuita, "Wewe mjukuu wangu, hiki kina majani, kina karatasi, kina uzi pia! Kinakwenda kwa nani?"

2. Umewashauri wajuane na watu wengi na wasimdharau yeyote. Ushauri mwema, ila hukuuwekea mipaka. Kwenye harusi ya mtoto wa jirani, mjukuu wangu alipanga foleni ya kuwapongeza maharusi. Bwana harusi ni mhandisi wa maji. Wenzake walimkabidhi zawadi. Yeye alimkabidhi wasifu wake. Bwana harusi, kijana mwenye adabu, aliufungua akaanza kuusoma, mpaka bibi harusi alipomwambia, "Huyo utamsaili kesho. Leo una mimi."

3. Kila Jumamosi asubuhi nimekuwa nikichoma majani makavu nyuma ya nyumba bila kumkera mtu, au ndivyo nilivyodhani. Kijitabu chako kinamtaka mhitimu aonyeshe kwamba anaweza "kuwashirikisha wadau". Basi aliwaita majirani kikao, uani kwangu, juu ya viti vyangu, wakinywa chai yangu, na ajenda ilikuwa moshi wangu. Kinyozi wa mkabala alisimama akasema, "Mzee wetu, shikamoo tena. Tunakuheshimu sana. Lakini wateja wangu wanaingia na nywele, wanatoka wananuka kama samaki wa kubanikwa." Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, kabla sijaelewa.

4. Umeandika kwamba wasifu uonyeshe matokeo, si vyeti peke yake. Nimeuona wasifu wake, kwa kuwa uliachwa wazi mezani. Chini ya "Uzoefu" pameandikwa: "Kusimamia mabadiliko ya tabia ya mkazi mmoja mkaidi mwenye umri mkubwa. Matokeo: anaendelea vizuri." Jina langu halikutajwa, lakini ukoo mzima umenipigia simu kunipongeza.

5. Umewataka wafanye mazoezi ya usaili na watu wa nyumbani. Jopo lilikuwa mimi, bibi yake na shangazi yake. Bibi yake aliuliza, "Una mchumba?" Akaambiwa kwamba swali hilo haliruhusiwi. Akasema, "Sasa tumekaa hapa kufanya nini?" Hata hivyo mjukuu wangu alijibu maswali yaliyosalia vizuri mno, nasi tukamwajiri kwa kauli moja. Kikwazo kikawa kwamba hatuna kazi ya kumpa.

Sasa nifikie hoja yangu. Aliyeanza kazi ni mfanyakazi. Mfanyakazi hakosi mwajiri. Nyumba ni yangu, kwa hiyo mwajiri ni mimi. Na hakuna mwajiri duniani anayelazimika kuendelea na mfanyakazi ambaye kazi yake ni kumrekebisha mwajiri. Kwa hiyo naomba idhini ya maandishi ya kumwachisha kazi mjukuu wangu, pamoja na barua ya sifa njema, ambazo anazo zote.

Endapo huna mamlaka hayo, basi mtafutie kazi wewe mwenyewe, popote, mradi pawe na moshi mkubwa kuliko wangu. Wiki hii ana usaili katika kiwanda cha rangi. Amekwenda kwenye usaili mara nyingi, na kila mara hurudi, huvua viatu mlangoni na kusema, "Watanipigia, babu." Hawapigi. Mimi ni mzee, nimezoea kulalamika. Lakini kumwona mtoto akiitazama simu isiyolia, hilo sijalizoea.

Nifikishie salamu kwa wahadhiri wote, hasa yule wa majitaka. Mwambie somo lake bado tunalisikia, aghalabu tukiwa tunakula.

Wako, aliyezingirwa na mapipa,

Babu wa Mhitimu

Nyongeza: Barua hii ilikuwa ingali inangoja stempu kiwanda kilipopiga simu. Amepata kazi. Anasema walimwuliza angefanyaje na msimamizi mkongwe asiyeambilika, akawaeleza habari zangu, nao wakacheka hadi mwenyekiti akavua miwani. Anaanza Jumatatu, katika mji wa mbali. Bibi yake alipiga vigelegele, kisha akaingia jikoni akafunga mlango.

Kwa hiyo lichane ombi langu la hapo juu. Badala yake, nakuomba unitumie mhitimu mwingine. Chumba kipo, majirani wapo, na jopo halina shughuli. Awe mchapakazi, na aje na kijitabu. Ila, tafadhali, asiwe hodari sana wa usaili. Tungependa akae.