Suruali ya Baba Mwikali na Tumbili wa Mtoni

Leo nimeaibishwa, na aliyeniaibisha ana mkia.

Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani. Huko nje wageni wanakula wali na nyama na wanacheka. Wanacheka nini? Wanajua wenyewe. (Najua pia mimi, ndiyo maana nimejifungia.) Wacha niwaambie mwenyewe kabla mume wangu, Baba Mwikali, hajaanza kusimulia kwa namna yake.

Mnamjua dada yangu Kalekye, yule aliyeolewa Ufaransa, kusini magharibi, kwenye kijiji chenye kanisa, duka la mikate na kimya kingi. Sasa huko baridi imeisha, majani yanachipuka, na Kalekye amegeuka mkulima. Kila asubuhi lazima anitumie video. Kalekye anapanda njegere. Kalekye anamwagilia letasi. Kalekye ameketi chini ya mti uliojaa maua meupe, kofia pana kichwani, anakunywa kahawa na kuniambia eti bustani inampa amani. Amani! Mimi bustani yangu iko Kibwezi, kando ya mto, na amani humo sijaionja hata siku moja.

Alipokuja likizo mara ya mwisho aliniletea mbegu za tikiti la kwao. Si tikiti maji letu hili. Ni dogo, la mviringo, ganda la kijivu lenye mistari ya kijani, ndani rangi ya chungwa, na ukilikata harufu yake inamgeuza mtu aliye barabarani. Nilizipanda mapema mwaka huu, nikafunika udongo kwa nyasi kavu, nikamwagilia maji ya mto mpaka mgongo ukaanza kuongea. Zilikubali! Kalekye, mwenye mbegu, yake bado ni miche kwenye vikopo dirishani, anangoja baridi ya usiku iishe kabisa ndipo aitoe nje. Yangu yameiva. Hilo peke yake lilinipa raha wiki nzima.

Sasa, leo ndiyo siku ambayo watu wa kina Mutuku walikuwa wanaleta mbuzi. Mutuku ni kijana anayetaka kumwoa binti yangu Mwikali. Kwetu Wakamba, mbuzi hao ndio mlango wa ndoa. Wenye mbuzi wakipokelewa vizuri, mazungumzo yanaanza. Wakipokelewa vibaya, wanarudi kwao Kitui na maneno. Na mama yake Mutuku, nilikuwa nimeshaonywa, ni mtu wa kupima. Anapima vikombe, anapima mapazia, anapima mpaka majirani. Mwikali naye anampenda huyu kijana mpaka amesahau kupika. Basi nikaapa kwamba hao watu watakula tunda ambalo Kitui nzima haijawahi kuonja. Niliyaacha matikiti shambani mpaka leo asubuhi ili yawe matamu sawasawa.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu tumbili nao walikuwa wanangoja leo.

Kwa nyinyi mliozaliwa mjini: tumbili hamwogopi mwanamke. Sitanii. Mwanamume akikohoa tu, kundi zima liko juu ya mti. Mwanamke apige debe, arushe mawe, aimbe wimbo wa vita vya kiroho, tumbili anamtazama, anaona ni kitenge, anaendelea kula. Nimewatukana kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha shule. Siku moja nilirusha jiwe, mmoja akaliokota, akalinusa, akalitupa. Nauliza: ni nani aliwafundisha? Nani aliketi na tumbili akawaambia mwenye shamba ni mwanamume? Mimi ndiye nimelima. Mimi ndiye nimemwagilia. Baba Mwikali hajui hata matikiti yako upande gani! Lakini akipita tu na lile koti lake, wanatawanyika.

Nilipomlalamikia Kalekye, alinitumia ujumbe wa sauti, wa upole sana. "Dada, nakuelewa, hata sisi huku tuna shida. Konokono wanamaliza letasi. Jirani yangu amenionyesha, unaweka bia kwa kikopo pale shambani, wanaingia kunywa, wanafia humo."

Bia! Mimi, wa kamati ya akina mama kanisani, niingie dukani niagize bia, halafu nimwambie mwenye duka ni ya tumbili!

Haya. Asubuhi Baba Mwikali akaenda mjini kuchukua viti na soda. Mwikali na shangazi zake walikuwa jikoni. Wageni walikuwa wamesema watafika mchana. Nikavaa kitenge changu kipya, nikachukua beseni, nikateremka shambani kuchuma.

Nikawakuta wameshakaa. Kundi zima. Dume lao kubwa limekalia tikiti moja na linakwangua jingine.

"Toka hapo!"

Likanitazama usoni. Likashusha macho mpaka kwenye kitenge. Likaendelea kukwangua.

Hapo ndipo damu ilinichemka. Nikarudi nyumbani mbio, nikaingia chumbani, nikabeba vitu vya Baba Mwikali: suruali ya kaki, koti la kijivu, kofia, gambuti zake za mpira. Kitenge sikuvua. Ningevua saa ngapi? Nilikikunja nikakisokomeza chote ndani ya suruali. Tumbo likatokeza, likafanana kabisa na la mwenyewe. Mshipi alikuwa amevaa yeye, kwa hivyo suruali nikaifunga kwa kamba ya mbuzi.

Nikateremka tena, safari hii natembea kama yeye: pole pole, mikono nyuma, mtu anayekagua kazi ambayo hakuifanya. Nikakohoa. Kikohozi chake nakijua, nimelala nacho miaka yote ya ndoa.

Jamani! Walipaa! Hata lile dume liliacha tikiti likapanda mgunga haraka na kuangalia kando. Nikasimama katikati ya shamba langu nikiwa nimeheshimiwa kwa mara ya kwanza. Ilibidi niwe mume wangu ndipo niheshimiwe, lakini nilipokea hivyo hivyo.

Nilikuwa nimeinama nachuma la kwanza niliposikia sauti nyuma yangu.

"Mzee! Habari ya kazi, mzee?"

Nikachungulia chini ya kofia. Aiya! Wageni! Gari lao lilikuwa limekwama kwenye tope kule juu, kwa hivyo wakaamua kukata njia kando ya mto. Na wakaja mapema! (Ni nani huja mapema Kenya hii? Ni nani?) Mbele alikuwa mzee mmoja mwenye fimbo, baba mdogo wa kijana. Nyuma yake mama wa kijana, kilemba cheupe kichwani, macho yake tayari yanapima mistari yangu ya sukuma wiki. Na mwisho kabisa, akivuta mbuzi mmoja kwa kamba, wengine wamebaki garini, Mutuku mwenyewe.

Hapa lazima mnielewe. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaoneana haya. Tunaiita nthoni, na si mchezo. Hamketi pamoja, hamtazamani ovyo, mkikutana njiani mmoja anapisha mpaka kichakani. Sasa mkwe anikute nimevaa suruali ya mume wangu? Siku ya mbuzi? Niliona harusi ya mtoto wangu inaondoka na maji ya mto.

Kukimbia sikuweza, zile gambuti zinatosha miguu yangu yote miwili upande mmoja. Nikavuta kofia mpaka puani, nikainama zaidi, nikakohoa.

"Wewe ndio mfanyikazi wa hapa kwa kina Mwikali?" akauliza mzee.

Mfanyikazi! Kwenye shamba langu!

"Mmh," nikasema kwa sauti ya tumboni.

"Sawa sawa. Sasa hebu tuambie ukweli, mzee, hata kabla hatujaingia. Hii mama ya hapa tunasikia iko na mdomo. Ni kweli?"

Nikachuma tikiti la pili nikalikumbatia.

"Usiogope, hatuwezi sema ni wewe," akaingilia mwenye kilemba. "Tumeambiwa ako na maringo sana juu dada yake ako ng'ambo. Ati hata ukienda kwake kuomba chumvi, lazima kwanza uonyeshwe video ya letasi."

Uongo! Hiyo video nimeonyesha watu wachache tu. (Wa kanisani. Na wa chama. Na yule wa duka la dawa, lakini yeye aliuliza mwenyewe. Karibu aulize.) Nilijiambia nyamaza, mama, nyamaza, ni kwa ajili ya mtoto. Nikanyamaza. Ningeweza kunyamaza mpaka wapite, nawaapia, kama yule mzee hangeongeza neno.

"Na ati bwana yake ndio hufanya hii kazi yote ya shamba, yeye ni kupiga picha tu."

"NANI AMESEMA HIVYO?"

Sauti ilianza ikiwa ya mzee. Ilipofika mwisho ilikuwa yangu mimi kabisa, ile ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Na kwa vile nilikuwa nimenyooka ghafla kwa hasira, kamba ya mbuzi ikafunguka.

Suruali ikaenda. Haikusita, haikushikwa na chochote, ilishuka moja kwa moja mpaka kwenye gambuti. Kitenge kikateremka nyuma yake, kipya, cha manjano na buluu, kikajitandaza. Nami nimesimama, tikiti kila mkono. Niyaangushe nishike suruali? Nishikilie matikiti niache suruali? Mpaka sasa sijui jibu.

Mbuzi akalia.

Na kule juu ya mgunga, lile dume likaona kitenge.

Nililiona likifikiri. Halikukimbia hata kidogo. Lilishuka, likapita kando ya baba mdogo, likapita mbele ya mama mwenye kilemba, likamzunguka Mutuku na mbuzi wake, likanifikia, likachukua tikiti mkononi mwangu. Mkononi! Kama mtu anayepokea chenji yake. Halafu likageuka na kuwaita wenzake, wakaja wote.

"Aiya, mwaitu!" mama mwenye kilemba akashika mdomo. "Kumbe ndio yeye!"

Mutuku, maskini, alikuwa amelelewa vizuri. Alipojua ni mimi aliachia mbuzi, akajifunika uso kwa koti lake, akageuka na kukimbia bila kuona mbele. Alikanyaga sukuma. Alikanyaga vitunguu. Akatumbukia kwenye mfereji wa maji, na akabaki humo humo, uso umefunikwa, akisema, "Pole mama, sijaona, pole mama, sijaona." Mbuzi wake akaelekea kwenye maharagwe.

Ndipo Baba Mwikali akatokea juu ya kilima, kiti cha plastiki kimoja kila mkono. Akatazama. Alimwona mkwe mferejini, tumbili kwenye matikiti, mbuzi kwenye maharagwe, mke wake amevaa koti na gambuti mbele ya wageni. Kati ya yote hayo, akachagua kusema:

"Hiyo si suruali yangu ya kaki?"

Basi, kabla wageni hawajaingia nyumbani, wazee wa pande zote mbili wakaketi kuamua. Nthoni imevunjwa. Haiwezi kuachwa hivyo hivyo, ndoa ingeanza na mguu mbaya. Nani amekosea? Nilikuwa nimekimbilia nyuma ya mlango wa jikoni, nikapaza sauti, "Tumbili!" Hakuna aliyenisikiliza. Wakasema kijana alikuwa anapita njia yake na hakutafuta kuona kitu. Wakasema mama ndiye aliyejitokeza. Kwa hivyo mama atoe mbuzi, kijana aoshwe macho.

Aoshwe macho! Nilikuwa nimevaa kitenge mpaka kwenye vifundo vya miguu! Aliloliona ni gambuti! Baba Mwikali, mwanasheria wangu, akakubali kabla mzee hajamaliza sentensi, na akaenda zizini kunichagulia mbuzi. Akachagua yule wa madoadoa. Yule wa maziwa. Wangu.

Hivi ninavyoandika, mlango umegongwa. Ni mama yake Mutuku, amesimama na kipande cha tikiti mkononi. Moja lilikuwa limeviringika chini ya sukuma, tumbili hawakuliona. Juisi inamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mama Mwikali," akasema, "hii kitu ni tamu! Toka nje tule. Mimi nyumba yenye watu hawana kitu ya kuficha naipenda. Mtoto wangu amepata wakwe wazuri." Halafu akaangalia nyuma, akapunguza sauti. "Hata mimi nyani za kwetu nazifukuza nikiwa nimevaa long'i ya mzee. Lakini mimi hufunga na mshipi."

Kwa hivyo ndoa ipo, na mazungumzo yameanza. Mwikali analia kwa furaha huko jikoni. Lakini muandike mahali: kati ya mama wote wa mabinti Ukambani, mimi ndiye wa kwanza kutoa mbuzi siku ya kupokea mbuzi. Atakayecheka hapa, harusini asitie mguu.